Gari Zima

Mama Subilaga alilileta likivutwa kwa kamba.
Akashuka, akakaza khanga juu ya sweta,
akasema, Limenizimia tena, chini kidogo ya Isyonje,
kwenye ukungu, lori la mbao likinipigia honi mgongoni.
Nikazungusha ufunguo.
Likawaka kwa mguso mmoja, likanguruma
kama paka aliyelala karibu na mafiga.

Akalitazama, kisha akanitazama mimi.
"Mume wangu naye ndivyo alivyo," akasema.
"Wageni wakija, hana neno."

Mafundi wanne walinitangulia.
Wa Mwanjelwa alibadilisha plagi.
Wa Soweto koili, na akaisingizia betri.
Wa tatu alikula pesa ya pampu, pampu ikabaki ileile.
Wa nne aliliombea.
Likaja zima, likaondoka zima,
likaenda kuzima njiani.
Mficha maradhi, wanasema, kifo humuumbua.
Hili kifo chenyewe lilikificha:
lilikufa Isyonje, likafufuka Uyole
mlangoni pangu, mbele ya mashahidi.

Nikaweka taa ya kupimia: umeme upo.
Nikagusa ethi: ipo, imekaza, haina kutu.
Fyuzi nikazipanga kwenye leso kama meno ya mtoto,
zote nzima.
Nikatikisa kila waya ninaoujua na usionijua.
Nikaliamkia saa kumi alfajiri, mwezi wa saba,
vidole vikikataa spana namba kumi,
nikalipandisha hadi juu ya Igawilo nikilibembeleza:
zima basi, zima nikuone.
Halikuzima.
Lilinirudisha garini— gereji, nataka kusema;
nilikuwa sijalala siku mbili.

Lugano ana miaka kumi na saba, kazi yake kuosha nati.
Siku hiyo Mama alipokuja kununa,
Lugano akauliza bila kuinua kichwa kwenye petroli:
"Mama, ukiwa unapanda linazima?"
"Kupanda? Hapana. Kurudi."
"Ukirudi unabeba nini?"
Mama akamtazama kama aliyeulizwa
mvua ya Tukuyu inaleta nini.
"Viazi, mwanangu. Nitabeba nini kingine?"

Wiki tatu nilikuwa nalihoji gari.
Mwenye gari sikumhoji hata swali moja.

Tukaazima magunia kwa jirani.
La kwanza: linanguruma.
La pili: springi zikaguna.
La tatu: hakuna kitu, nikaanza kumchukia Lugano.
La nne tulilishusha nyuma ya kiti,
na injini ikakatika
kama mtu aliyezibwa mdomo.

Sijawahi kushangilia hivyo gari kuzima.
Muuza chai aliacha birika lake akaja kuuliza nani kaoa.
Tukalinyanyua gunia: likawaka. Tukalirudisha: kimya.
Nyanyua. Rudisha. Mama mwenyewe akataka ajaribu.

Chini ya kapeti, karibu na tangi,
waya wa pampu, mweusi wenye mstari mwekundu,
ganda lake halina hata mkwaruzo.
Jicho lilipita. Kidole ndicho kilichosimama
mahali palipolegea, kama mkono wa sweta usio na mkono ndani.
Nikapasua. Shaba ilikuwa imekatika,
zimebaki nyuzi mbili zinagusana ncha kwa ncha,
na bodi ikilemewa, zinaachana.

Nikaunga, nikachomea risasi, nikafunga tepu.
Mama akaniachia debe la viazi, na Lugano debe lake.
Akapakia magunia sita, si manne, akanishindilia macho,
akaondoka kuyapeleka mjini.

Nilisimama barabarani nikiusikiliza mlio
ukipungua, ukipungua, mpaka sikuusikia tena.
Umefika mbali, au umezima?
Ugonjwa wa kuja na kuondoka hauna siku ya kupona,
una siku nyingi tu za kutokuja.
Leo ya arobaini na moja.
Simu yangu ikilia nikiwa chini ya gari la mtu,
bado namwambia Lugano aangalie jina kwanza.